Vitabu vya picha za wanyama kwa mtoto wa miaka miwili, mnavipata wapi jamani?

mama_tausi

Habari za jioni wadau. Nina binti ana miaka miwili na kidogo, huyu mtoto wanyama wamemkaa kichwani kweli kweli, tukipita mtaani akiona mbuzi wa jirani kafungwa kwenye nguzo basi safari imeishia hapo mpaka aagane naye. Nikasema ngoja nimtafutie vitabu vya picha za wanyama. Nikapata vile vya mtumba vinavyopangwa chini pale mjini, na kusema ukweli vimetengenezwa vizuri mno, kurasa ngumu, anang'ata anarusha anakalia na kitabu kiko vilevile. Tatizo ni waliomo ndani. Dubu, mbweha mwekundu mwenye mkia mnene, kulungu kwenye theluji, pengwini, kindi, nguruwe wa pinki kavaa mabuti ya mvua. Namwambia "huyu dubu" naye ananiuliza "yuko wapi?", nakosa jibu.

Vya Kiswahili nilivyokuta madukani vingi ni vya wanafunzi wa darasa la kwanza la pili huko, maandishi kibao, picha moja imebanwa kona ya ukurasa, karatasi laini, kimoja hakikumaliza wiki nikawa naokota vipande chini ya kochi. Halafu nikanunua chati ya ukutani ya wanyama pori kwa wale wanaotembeza, pameandikwa CHUI na baba yake anasema yule ni duma, tunabishana mpaka leo na mtoto anatuangalia tu.

Naomba msaada, kwanza wapi nitapata vya Kiswahili vyenye wanyama wetu kwa umri huu, pili ni bora picha za kupiga au za kuchora, tatu vile ambavyo ukifungua mnyama anachomoza mbele vinamfaa au ni hela ya kutupa? Asanteni.

chogo_wa_mbagala

Kiti nimeshavuta. Wangu ana mwaka na nusu, yeye vitabu anakula, na sisemi kwa mafumbo, ANAKULA.

mzee_wa_kreta

Mama Tausi huo ubishi wa chui na duma namaliza mimi leo, kazi yangu ni kupeleka wageni porini na wageni wenyewe wanachanganya kila siku. Usianze na madoa, anza na uso. Duma ana mstari mweusi unashuka kutoka kona ya jicho mpaka pembeni ya mdomo, utadhani kalia na wanja umemwagika. Chui hana huo mstari. Ukishaona hilo rudi kwenye madoa, ya duma ni vidoa vyeusi vilivyojaa, kimoja kimoja, ya chui mengi ni duara lililokatika katika na katikati yake pana rangi ya kahawia. Umbo nalo, duma miguu mirefu kichwa kidogo kiuno chembamba, chui kajaa mabega, mfupi mzito, ndio maana anapandisha swala mzima juu ya mti. Kama wa kwenye chati yako ana mstari usoni basi shemeji yuko sahihi, muulize tu anataka zawadi gani.

Na ukishaanza kuzikagua hizo chati hutalala. Tembo mara nyingi wamebandika wa India, masikio madogo na mgongo umetuna juu, wakati wa kwetu masikio yanafunika mpaka bega na mgongo umebonyea katikati. Simba anawekwa nyasi moja na chui milia, chui milia yuko Asia tu, Serengeti hajakanyaga. Ngamia wanamchora nundu mbili, ngamia wa Wasomali na Warendile huku kwetu ana nundu moja. Twiga ndio basi tena, twiga wa Tanzania mabaka yake kingo zimechongoka chongoka hazina mpangilio, yule wa kaskazini ya Kenya mabaka yamenyooka yametenganishwa na mistari myeupe, na yule anayefugwa pale Langata Nairobi miguu kuanzia magotini kwenda chini ni myeupe haina baka. Mtoto wa miaka miwili hahitaji yote haya, ila anayechora anahitaji, maana mtoto akishakariri kitu kibaya mpaka umtoe hapo ni kazi.

Pengwini lakini msimseme, ni Mwafrika mwenzetu, wapo Afrika Kusini pwani ya karibu na Cape Town, wanaota jua kwenye mchanga na barafu hawaijui. Na kindi tunao kibao, nenda kwenye miembe.

mama_tausi

Mzee nimeenda kuangalia chati sasa hivi na tochi ya simu. Mstari upo 😂 Simwambii kitu leo.

mwl_sikudhani

Mimi ni mwalimu wa chekechea, niko Morogoro, nijibu swali la pili na la tatu ambayo ndiyo nayaishi.

Vile vya kuchomoza mtoto atavipenda sana, ila ujue anapenda nini, anapenda kile kitendo cha kuvuta. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2010 walichukua watoto wa karibu miaka miwili wakawafundisha majina ya wanyama wasiowajua, wengine kwa kitabu cha kuchomoza wengine kwa kitabu cha picha za kawaida, hawa wa kawaida wakawatambua wanyama vizuri zaidi. Mkono ukiwa na kazi ya kuvuta jicho haliangalii mnyama. Mie darasani nilikuwa nacho kimoja tuliletewa msaada, mamba anafunua mdomo, ndani ya muda mfupi mamba hana taya na hakuna mtoto aliyejua mamba anaishi wapi. Kwa hiyo kama umepewa mshukuru aliyekupa, ila kununua hapana.

Picha ya kupiga au ya kuchora, kwa chini ya miaka mitatu angalia zaidi picha inafanana na mnyama mwenyewe? Mnyama mmoja ukurasa mmoja, mandhari nyuma isiyo na makorokoro, mwili mzima uonekane mpaka kwato na mkia. Picha ya kupiga inashinda pale ambapo mnyama hajawahi kumuona, mchoro mzuri unashinda pale mnyama anafanya kitu, anakunywa maji, ananyonyesha, anachimba.

Na hii ya wanyama wanaovaa suruali na kuongea. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto waliwasomea watoto wa miaka mitatu mpaka mitano vitabu vya wanyama wasiowafahamu, mmojawapo alikuwa yule ndege anayekaa mgongoni mwa vifaru na nyati kula kupe. Waliosomewa vitabu ambavyo mnyama anaongea na kufikiri kibinadamu walijifunza mambo machache ya kweli kuhusu yule mnyama, na wakawa wepesi kudhani hata wanyama halisi wana mawazo ya kibinadamu. Hii haina maana tuwanyime hadithi, hadithi ni hadithi, kitabu cha kumjua mnyama ni kitabu kingine. Tatizo nyumbani kunakuwa na cha aina moja tu, wanyama wote wana viatu, siku mtoto anapelekwa kijijini anashangaa ng'ombe anajisaidia hadharani.

La mwisho, usimsomee kama mtihani. Wazazi wengi ni "huyu nani? huyu nani? sema! simba! sema simba!" mtoto anachoka. Fungua ukurasa wa kuku na vifaranga, nyamaza, subiri. Yeye ataanza na kidole. Akigusa kifaranga we endeleza, eeh kifaranga, huyu kabaki nyuma, mama yake anamwita vipi? Mwisho wa siku jogoo anawika, mbwa anabweka, simba anaunguruma, maneno yanaingia yenyewe bila mtu kukaripiwa.

bingwa_wa_kitambo

Wazazi wa siku hizi mnapenda gharama. Sisi tulikulia Singida hakuna kitabu hata cha dawa na wanyama wote tunawajua, fisi tulikuwa tunamjua kwa harufu. Mbuzi wa jirani si yupo hapo bure? Mpeleke.

mwl_sikudhani

Mbuzi sawa kaka. Na kifaru jirani anaye?

bingwa_wa_kitambo

Hapo umenikamata ticha. Lakini kifaru wa nini kwa mtoto wa miaka miwili, si asubiri?

rangi_na_kalamu

Naomba niwatetee wachoraji kidogo maana naona sisi na wauza chati tumewekwa kapu moja. Nachora vitabu vya watoto, niwaambie kwa nini vitabu vyetu viko vile mama Tausi alivyosema, karatasi laini maandishi mengi. Mnunuzi mkubwa hapa kwetu kwa miaka mingi amekuwa shule, sio mzazi. Kulikuwa na ule Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza 1991, mchapishaji akitoa kitabu kikapita, mradi unanunua sehemu kubwa ya nakala unapeleka mashuleni. Umesaidia mno, bila ule nusu ya vitabu vya Kiswahili mlivyosoma visingekuwepo. Lakini angalia kinatengeneza kitabu cha aina gani, cha mtoto anayejua kusoma, chepesi kusafirisha, cha pini mbili katikati, bei ya chini. Mtoto wa miaka miwili hayuko shule yoyote, kwa hiyo hakuna aliyemuwekea oda.

Halafu hizo kurasa ngumu ni mashine nyingine kabisa. Kitabu cha kawaida unachapa karatasi kubwa unaikunja inatoa kurasa 8 au 16, unapiga pini, unakata, kwisha, ndio maana vyetu vingi ni kurasa 16 au 24. Cha kurasa ngumu unabandika karatasi juu ya kadibodi, unaweka plastiki juu, unakata kona mviringo ili zisimchome mtoto, na rangi iwe ya kumezeka bila madhara. Viwanda vyenye mtambo huo kwa bei ya kueleweka wengi wanakwenda China au India, na huko hawakuchapii nakala mia tatu, wanataka maelfu. Mchapishaji wa hapa anajiuliza hayo maelfu atamuuzia nani. Rangi nayo ni hesabu, pleti nne za rangi gharama yake ni ileile uchape 500 uchape 5,000, sasa ukichapa chache kila nakala inabeba mzigo na mzazi akiona bei anarudisha kitabu rafuni anakwenda kwenye mtumba.

Kwa hiyo ukikuta cha Kiswahili, picha nzuri, kinunue hata kama karatasi ni laini, nunua na selotepu ya upana mkubwa uzungushie kingo na mgongoni kwenye pini. Ukitaka kuanzia pa uhakika nenda duka la vitabu la TPH pale mtaa wa Samora, Dar, wana rafu ya watoto na ni watu wa Mkuki na Nyota wenyewe, wale wachapishaji. Kaa chini fungua kimoja kimoja, usinunue kwa jalada, jalada mara nyingi ndio picha nzuri peke yake.

Na mwalimu sikupingi, ila sungura mjanja na fisi mlafi usiwaweke mbali sana. Mimi fisi nilimpenda kwanza kwenye hadithi za bibi ndio nikataka kujua fisi wa kweli anaishije.

mzee_wa_kreta

Fisi wa kweli jike ndiye mkubwa na ndiye anatawala ukoo, na anawinda mwenyewe, sio mla makombo tu. Haya mchoreni hivyo siku moja.

rangi_na_kalamu

Mzee nimeandika pembeni.

mswahili_wa_kisauni

Dadangu salaam kutoka Mombasa. Mimi nina kitabu kimoja tu kilichotuzalia matunda hapa nyumbani nacho ni kisa cha Owen na Mzee. Wasiojua, ile sunami ya Desemba 2004 ilipopiga pwani, kiboko mchanga alikwama baharini kule Malindi, mamake hayupo, watu wakamwokoa kwa nyavu wakamleta Haller Park hapa Bamburi, kufika tu akamkimbilia kobe mkubwa aitwaye Mzee, wa umri wa kama miaka 130, akamfanya mzazi. Wakawa wanalala pamoja, wanaogelea pamoja, kiboko anamfuata kobe kila aendako. Kitabu kilitoka 2006, picha zote za kupiga. Kiingereza chake ni kirefu kwa mtoto mdogo lakini mimi sikisomi, nafunua picha namwelezea kwa Kiswahili changu, leo hivi kesho vingine, yeye mwenyewe akiniona nimeruka ukurasa ananirudisha. Na uzuri ni kwamba jumapili moja nikampeleka palepale Bamburi akaona kobe wa aina ile wanatembea, hapo ndipo kitabu kilipoanza upya.

Basi hata hao dubu wa mtumba usiwatupe. Funika maneno, sema yako. Akikuuliza yuko wapi mwambie yuko mbali, kwenye baridi, ana koti la manyoya. Hilo ni jibu.

bint_mkunazini

Na kama mko Dar siku mkivuka kuja Unguja mpelekeni kisiwa cha Changuu, wale kobe wakubwa kizazi chake kilianza na zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919, watoto wanawalisha majani kwa mikono. Mtoto wangu kabla hajaenda alikuwa anadhani kobe na kasa ni kitu kimoja maana kitabu chake kimechora kobe ufukweni na jua na mnazi. Kasa ana makasia, kobe ana miguu minene, sasa anawasahihisha wakubwa.

niko_ohio

Mimi naishi Columbus, huku vitabu vya wanyama vimejaa maktaba ila Kiswahili hakuna, na mtoto akirudi shule ni Kiingereza tupu. Kilichotusaidia ni mambo ya intaneti. Kuna African Storybook, wameanzia Afrika Kusini mwaka 2014, hadithi za bure za lugha nyingi za Afrika na Kiswahili kimo cha kutosha, wana apu ya kusomea ukishapakua hadithi unasoma hata bila bando. Ni leseni ya wazi, unaruhusiwa kuprinti na hata kutafsiri mwenyewe. Baadhi ya hadithi hizohizo ziko kwenye Storybooks Canada na Global Storybooks, pale kuna na sauti, unabonyeza unasomewa Kiswahili, mume wangu ambaye si Mswahili anajifunzia hapohapo na mtoto. StoryWeaver ya India pia ina vya Kiswahili, na Room to Read wana Literacy Cloud, navyo vya Kiswahili vimo.

Angalizo tu, sio zote nzuri, zingine picha zimechorwa haraka haraka, na kwa umri wa Tausi chagua zile za ngazi ya kwanza, sentensi moja kila ukurasa. Na usimpe simu. Simu ishike wewe au uprinti.

mama_tausi

Jamani mmenifungua macho. Nauliza kwenye kuprinti, nikiprinti nyumbani karatasi ni ileile laini, si turudi kule kule kwenye vipande?

baba_pacha

Hapo sasa ndio kitengo changu. Mapacha wangu tumewatengenezea cha kwetu. Chukua picha zako mwenyewe, mbuzi huyo wa jirani, paka wenu, kunguru ukutani, mjusi kwenye taa, kuku wa shangazi, punda wa maji kama mnaye huko, hao ndio kurasa za mwanzo maana anawajua, mwisho ndio unaongeza tembo na twiga. Piga ukiwa umechuchumaa usawa wa mnyama, ukipiga toka juu kuku anakuwa mgongo mtupu. Andika neno moja chini herufi kubwa, KUKU, yatosha. Peleka steshenari waprinti rangi nusu ya A4, wakuwekee laminesheni, lakini waambie waache ukingo wa plastiki pembeni wasikate mpaka kwenye karatasi, wakikata mpaka karatasini mate yanaingia na ukurasa unafunguka. Kona zote kata mviringo kwa mkasi, kona ya laminesheni inachana shavu la mtoto. Halafu wapige spairo ya plastiki. Sio ya waya, waya ukiachia ncha ni hatari.

Sisi tulipoweka picha ya mbwa wa getini mmoja wa mapacha akawa kila jioni anataka kitabu kipelekwe getini mbwa naye ajione. Mbwa hakujali hata kidogo.

mwl_sikudhani

Hii nzuri baba pacha. Ongezea ukurasa wa mnyama na mtoto wake, ng'ombe na ndama, mbuzi na mwanambuzi, kuku na kifaranga. Watoto wa umri huu hapo ndipo wanaganda. Na mama Tausi kama uko Dar na unaweza kufika Maktaba Kuu pale barabara ya Bibi Titi, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere 1967, kuna sehemu ya watoto, nenda ukaangalie kwanza anapenda picha za aina gani kabla hujatoboa mfuko.

mama_tausi

Kazi kwangu basi. Jumamosi naanza na mbuzi maana mwenye mbuzi nishamuomba, kacheka mpaka basi. Mzee wa kreta una picha nzuri ya kakakuona mwili mzima? Nilimuona kwenye kitabu kachorwa yuko na miiba nikahisi sio.

mzee_wa_kreta

Mwenye miiba ni nungunungu. Kakakuona ana magamba, akiogopa anajikunja anakuwa mpira. Picha nzuri sina dada, miaka yote porini na kuonana naye ni bahati ya mtu, anatoka usiku. Duma ninao wengi, nikutumie ukamalizie ubishi nyumbani.

chogo_wa_mbagala

Baba pacha hiyo laminesheni wangu mla vitabu ataiweza?

baba_pacha

Omba ile nene ya mikroni 250, ile ya 125 meno yanapita. Na spairo ikate miisho yake uikunje ndani, vinginevyo atakula spairo.